Pato la karakana ndogo za mji mzima linapimwaje? Nisaidieni kabla sijaingia mtaani

mtaa_wa_karakana:

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo na tafadhali mtu asinitupie link tu akaondoka, nataka nielewe kabisa.

Kuna umoja wa mafundi wadogo, maseremala, wachomeleaji, washonaji nguo, watengeneza viatu, wachapaji, wenye mashine za kusaga, waoka mikate, watu wa aina hiyo. Wamenipa kazi ya kuandaa ripoti inayoonyesha uzalishaji mdogo mdogo unachangia kiasi gani kwenye uchumi wa mji, na sio wanachama wao peke yao, mji mzima. Sababu ni kwamba mipango ya ardhi inapangwa upya na kila wakienda kwenye kikao wanaambiwa mchango wenu hauonekani popote. Na kweli nimeangalia takwimu za viwanda zilizopo, zinaanzia kwenye viwanda vyenye wafanyakazi kumi kwenda juu, chini ya hapo ni kama hakuna mtu anayefanya kazi mji huu, wakati ukitembea mtaani kila nyumba ya tatu unasikia msumeno.

Mpango wangu ulikua hivi, nachukua orodha ya leseni za biashara, nawapigia simu nawauliza mwaka jana waliuza kiasi gani, najumlisha, alafu kwa wale wasio na leseni nazidisha mara mbili. Ila moyo hautulii. Kwanza mauzo ndo kipimo chenyewe? Pili wasio na leseni nawapataje kiukweli bila kubahatisha? Tatu mtu ambae haandiki hesabu popote namuulizaje mpaka anipe namba ya maana? Kuna jamaa pia kaniambia achana na dodoso, tumia picha za satelaiti za taa za usiku, nayo vipi?

Hawa watu wanastahili namba inayosimama. Sitaki ifike kwenye kikao mtu aulize swali moja tu ripoti nzima ianguke.

BiTakwimu:

Karibu sana ndugu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kuanza, wengi huuliza wakishamaliza hela ya utafiti.

Nianze na la mauzo maana hapo ndo ripoti nyingi za miji zinapofia. Usijumlishe mauzo. Kitu unachotakiwa kupima ni thamani iliyoongezwa, yaani pato la karakana ukitoa vitu na huduma ilizonunua kutoka kwa wengine zikatumika kwenye uzalishaji. Hicho ndo kipimo cha Mfumo wa Hesabu za Taifa wa Umoja wa Mataifa, toleo la 2008 ndo nchi nyingi zinalitumia, na ndicho kinachoingia kwenye pato la taifa. Ukileta mauzo, mchumi yeyote kwenye kile kikao atakuambia namba yako hailinganishwi na kitu chochote.

Chukua mfano. Mpasua mbao ananunua magogo ya 20, anauza mbao kwa 50. Seremala ananunua zile mbao kwa 50, anaongeza misumari, gundi, vanishi na umeme vya 15, anauza kitanda kwa 110. Ukijumlisha mauzo ya hao wawili unapata 160. Lakini zile mbao za 50 umezihesabu mara mbili, mara ya kwanza zikiwa mbao na mara ya pili zikiwa ndani ya kitanda. Thamani iliyoongezwa ni 30 kwa mpasuaji na 45 kwa seremala, jumla 75. Tofauti ya 75 na 160 sio ndogo, na mbaya zaidi inakua kadiri mafundi wanavyonunuliana wao kwa wao, kwahiyo mtaa wenye ushirikiano mkubwa utaonekana tajiri kuliko ulivyo kwasababu tu bidhaa imepita mikono mingi.

Sasa kwenye kutoa gharama kuwa makini sana, ndo sehemu makarani wanaharibu. Mishahara HAITOLEWI, ni sehemu ya thamani iliyoongezwa, ni mapato ya wafanyakazi. Riba ya mkopo haitolewi. Mashine mpya ya kuchomelea aliyonunua mwaka huu haitolewi, hiyo ni uwekezaji. Kinachotolewa ni malighafi, umeme, maji, usafiri wa mzigo aliolipia, matengenezo madogo ya mashine, pango la jengo la karakana. Na kazi ya mwenye karakana pamoja na mke au watoto wanaomsaidia bila mshahara usiibunie mshahara ukautoa. Kwa biashara ndogo zisizo kampuni, faida ya mwenyewe na malipo ya jasho lake haviwezi kutenganishwa, kwahiyo mfumo unaviacha pamoja, vinaitwa mapato mseto. Kwa karakana ndogo hapo ndo penye kiini cha kila kitu, ukipakosea pale umekosea kote.

Jicho_Pevu:

Mi naona mnamkuza mwenzenu mambo. Mkuu anataka namba ya kupeleka kwenye kikao, sio shahada ya uzamili. Wenye maamuzi wanaelewa mauzo, ukiwaambia "mafundi wameuza kiasi hiki" kila mtu anashtuka. Ukienda na thamani iliyoongezwa namba inashuka nusu, umejidhoofisha mwenyewe kabla vita haijaanza. Alafu hela ya mbao nayo imezunguka mji huuhuu au vipi?

BiTakwimu:

@Jicho_Pevu nakuelewa kaka, ila kuzunguka ni kitu kimoja na kuzalisha ni kingine. Na jiulize, hiyo namba kubwa utailinganisha na nini? Kikao kitauliza "ni asilimia ngapi ya uchumi wa mji?" na uchumi wa mji unapimwa kwa thamani iliyoongezwa. Ukigawanya mauzo kwa thamani iliyoongezwa ya mji, unaweza kufika hata zaidi ya asilimia mia ukijumlisha sekta zote, na hapo mtu wa upande wa pili atakumaliza kwa dakika moja. Hamna kinachowadhoofisha mafundi kama namba iliyovimbishwa. Mauzo yawekwe kwenye jedwali lake pembeni, sawa, yasiitwe mchango.

karani_wa_zamani:

Nimesoma yote, naingia kwenye swali la pili maana nimefanya kazi ya ukarani kwenye tafiti za biashara ndogo kwa muda mrefu na hili linaniuma.

Leseni sahau kuifanya msingi. Orodha ya leseni ina makosa ya aina mbili kwa pamoja. Ina watu waliofunga zamani bado wamo, na haina wale wasiokata leseni, na hao hawako sawa na waliokata, ni wadogo zaidi, wengi wanafanyia nyumbani, wengi ni wanawake, cherehani iko sebuleni, oveni iko uani. Kwahiyo ile "zidisha mara mbili" ina matatizo mawili, hujui kama ni mara mbili au mara sita, na hata ungejua idadi bado ungewapa pato la watu wa leseni ambao ni wakubwa kuwaliko.

Njia inayofanya kazi ni ya maeneo. Unachukua ramani ya maeneo ya kuhesabia watu yaliyotumika kwenye sensa, unachagua baadhi kwa bahati nasibu, alafu ndani ya kila eneo lililochaguliwa mnapita nyumba kwa nyumba, KILA mlango, na swali la mlangoni lisiwe "una biashara?" maana mama anaeshona sare za shule za mtaa mzima atakujibu hapana mwanangu sina biashara. Uliza "kuna mtu yeyote hapa anaetengeneza, kushona, kuoka, kusaga, kuunda kitu chochote cha kuuza au kwa malipo, hata mara mojamoja?" Mkiwapata wote mnawaorodhesha, alafu kutoka kwenye hiyo orodha ndo mnachagua wa kuhojiwa kwa kina.

Hapo kila anaehojiwa anabeba uzito wake. Kama mmechukua eneo moja katika kila maeneo 20, na ndani ya eneo mkachukua karakana moja katika kila 4, basi kila karakana mliyohoji inawakilisha 80. Hakuna tena kubahatisha mara mbili au mara tatu, hesabu inatoka kwenye jinsi mlivyochagua.

Ila kuna mtego. Mafundi hawajatawanyika sawasawa, wanakaa kwa mafungu, kuna barabara nzima ya wachomeleaji, kuna eneo zima la viatu. Bahati nasibu ikiyakosa hayo mafungu pato linaanguka, ikiyapata kwa wingi pato linapaa. Kwahiyo mafungu yanayojulikana yatengeni kama kundi lake, muyahesabu peke yake, na karakana kubwa kubwa zile zenye watu nane tisa kumi mzihoji zote bila sampuli, maana karakana moja ya namna hiyo inaweza kuzalisha kuliko washonaji thelathini wa nyumbani na ukiipa uzito wa 80 imekuharibia kila kitu.

Kuna njia nyingine ya kuanzia kwenye kaya, mnafanya utafiti wa ajira kwanza, mkimpata mtu aliyejiajiri au anaendesha kikazi kidogo mnamfuata kwenye awamu ya pili na dodoso la biashara. Ndo utaratibu wa tafiti za 1-2-3, awamu ya kwanza ajira, ya pili biashara zisizo rasmi, ya tatu matumizi ya kaya. Ulifanyika Yaoundé, Kameruni, mwaka 1993, baadae Antananarivo, Madagaska, 1995, alafu miji mikubwa saba ya Afrika Magharibi kuanzia 2001, Dakar, Abidjan, Bamako na mingine. Yote ilikua kazi ya miji, kwahiyo mtu akikuambia haiwezekani kupima kwa ngazi ya mji mwambie imeshafanyika muda mrefu.

randa_na_msasa:

Mimi ni fundi, sio mtu wa takwimu, ila nimehojiwa na makarani mara nyingi na ngoja niwaambie upande wetu.

Ukiniuliza "mwaka jana uliuza kiasi gani" nitakupa jibu ili uondoke. Sio kwamba nakudanganya, sijui. Nani anajua? Mwaka una miezi ya harusi na miezi ya kukaa tu. Niulize mwezi uliopita, au niulize wiki hii, hapo nina kitu. Au bora zaidi niulize kitu cha mwisho nilichomaliza. Kwa mfano kabati, nitakuambia ilikula mbao ngapi, bawaba ngapi, vanishi nusu kopo, msasa karatasi tatu, kijana alifanya kazi siku ngapi, mteja alilipa kiasi gani na bado nadai kiasi gani. Hiyo naijua kichwani bila daftari. Alafu niulize makabati kama hayo natoa mangapi kwa mwezi mzuri na mangapi kwa mwezi mbaya, na miezi mizuri ni ipi.

Jambo la pili, angalia karakana yenyewe usiniangalie mimi. Pale nyuma kuna viti sita havijapigwa rangi, fremu za milango zimeegemea ukuta, hivyo vyote nimeshavifanyia kazi ila sijauza. Mwezi huo ukiniuliza mauzo nitasema kidogo na ukiniuliza mbao nilizonunua nitasema nyingi, utaandika nimepata hasara, wakati sijapata hasara, kazi imesimama pale ukutani.

La tatu, mteja anakuja na mbao zake. Au kwa mshonaji mteja anakuja na kitambaa chake. Hapo tunalipwa ufundi tu. Ukihesabu gauni zima kama pato la mshonaji umempa kitambaa ambacho sio chake.

Na vijana wanaojifunza kazi! Hawalipwi mshahara, wanapewa chakula na nauli, wengine wazazi ndo wanalipa ili wafundishwe. Karani anauliza una wafanyakazi wangapi nasema mmoja, wakati pale ndani wako wanne na wote wanapiga randa kutwa.

BiTakwimu:

Fundi umetusaidia kuliko vitabu, na mambo yote matatu uliyoyataja yamo kwenye kanuni zenyewe. Viti visivyopigwa rangi ni kazi inayoendelea, pato ni mauzo pamoja na badiliko la stoku ya bidhaa zilizokamilika na zile ambazo hazijakamilika, kwahiyo karani lazima aulize stoku ya mwanzo na ya mwisho wa kipindi. Kitambaa cha mteja, toleo la 2008 linasema wazi bidhaa inayosindikwa bila kubadili umiliki inahesabiwa malipo ya ufundi peke yake. Wanagenzi wahesabiwe kama wafanyakazi, na chakula wanachopewa kama malipo ya kazi kiandikwe kama malipo, kisichanganywe na malighafi. Ile ada ya wazazi kwa ajili ya mafunzo ni huduma ya elimu, iandike pembeni.

Na hili la kumbukumbu lina utafiti wake. Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff walilifanyia kazi Sri Lanka, ilichapishwa 2009. Waligundua ukimuuliza mwenye biashara ndogo swali moja tu la faida, baada ya kutoa gharama zote ulibaki na kiasi gani mwezi uliopita, unapata jibu sahihi zaidi kuliko ukimhoji mauzo yote na gharama zote alafu utoe mwenyewe. Sababu mojawapo ndo hiyo ya fundi, mbao zinanunuliwa mwezi huu na kitanda kinauzwa mwezi ujao, ukitoa moja kwa nyingine unatoa vitu visivyohusiana. Waligundua pia mauzo yanatajwa pungufu kwa karibu asilimia 30. Kuwapa watu daftari la kuandika kila siku kulibadilisha mauzo na gharama zilizotajwa lakini faida haikubadilika.

Kwahiyo ushauri wangu kwako @mtaa_wa_karakana, uliza faida moja kwa moja, uliza mishahara aliyolipa, uliza riba ya mkopo kama ameitoa kwenye hiyo faida, uliza ushuru na ada zinazotokana na shughuli yenyewe, jumlisha. Hiyo ni thamani iliyoongezwa kwa upande wa mapato. Alafu upande wa pili jenga tena kutoka kwenye kile kitu cha mwisho alichomaliza, malighafi, bei, idadi kwa mwezi. Namba mbili kwa karakana ileile. Zikikaribiana songa mbele, zikiachana sana rudi umuulize palepale kabla hujaondoka.

Angalizo moja tu, ukimuuliza faida hakikisha anajumlisha na ile aliyochukua kwa matumizi ya nyumbani. Wengi wanasema faida ni kile kilichobaki kwenye droo, wakati hela ya ada ya shule na ya chakula ilishatoka humo kabla.

mtaa_wa_karakana:

Wakuu hapa nimejifunza kitu kikubwa sana. Nina mambo yananitatiza bado. Wachomeleaji wengi asubuhi wanaunda mageti na mchana wanaziba bodi za magari, je huyo ni mzalishaji au mtoa huduma? Na mshonaji anaeshona nguo mpya na kupunguza suruali za watu? Pili, kuna watu wameniambia kuna njia ya mkato, nichukue pato la viwanda la taifa nigawanye kwa idadi ya wafanyakazi waliopo mji huu. Na ile ya satelaiti hakuna aliyenijibu.

BiTakwimu:

La kwanza, tumia mfumo wa kimataifa wa kuainisha shughuli za uchumi, ISIC. Kwenye toleo la nne uzalishaji viwandani ni kundi C, namba 10 hadi 33. Mageti yamo, namba 25. Samani ni 31, nguo ni 14 na kumshonea mtu mmojammoja kwa kipimo chake kumo humohumo. Kuziba magari hakumo, kupo kwenye kundi G pamoja na biashara ya magari, na kurekebisha nguo za watu kupo kwenye huduma nyingine. Kutengeneza mashine za viwandani kumo ndani, namba 33. Kanuni ni kwamba karakana inawekwa pale inapopata sehemu kubwa ya thamani yake, kwahiyo dodoso liulize "katika kazi za mwezi uliopita ngapi ni kuunda na ngapi ni kutengeneza vilivyoharibika". Ila kwa ripoti yako mimi ningeonyesha yote mawili kwa mistari tofauti, uzalishaji wenyewe na matengenezo yanayofanyika kwenye karakana zilezile, maana mpango wa ardhi ukiiondoa karakana unaondoa vyote viwili.

Njia ya mkato ya kugawanya kutoka juu inatumika sana na ina hatari yake. Unachukulia kwamba mfanyakazi wa kiwanda kikubwa cha saruji na mshonaji wa sebuleni wanazalisha sawa, na sio kweli hata kidogo. Mji wenye karakana nyingi ndogo na viwanda vikubwa vichache utapewa pato la bure, na mji wa namna nyingine utanyimwa. Kuna namna nzuri ya kutumia idadi ya wafanyakazi, unaipata idadi kutoka utafiti wa kaya kwasababu watu huficha mauzo kuliko wanavyoficha kwamba wanafanya kazi, alafu unazidisha kwa thamani kwa mfanyakazi uliyoipima kwenye karakana za ukubwa na aina ileile. Waitaliano ndo wameiendeleza sana hii, na walipoingiza uchumi usioonekana kwenye hesabu zao mwaka 1987 pato la taifa lilipanda kwa karibu asilimia 18. Kwahiyo ukifanya kwa makundi, washonaji wa nyumbani peke yao, wachomeleaji wa barabarani peke yao, ni njia halali kabisa na inaweza kukusaidia kukagua namba ya sampuli.

ramani_na_picha:

Nijibu la satelaiti kwasababu ndo kazi yangu. Taa za usiku zina ushahidi mzuri kwa nchi na mikoa, Henderson, Storeygard na Weil walionyesha hivo 2012, kwamba ukuaji wa mwanga unafuatana na ukuaji wa pato. Ila ndani ya mji kwa karakana ndogo hapana. Katikati ya mji vihisi vya mwanga vya satelaiti za zamani vilikua vinajaa, mwanga unafika kikomo na mtaa wa viwanda unaonekana sawa na mtaa wa mabaa. Na mafundi wanafanya kazi mchana, seremala akifunga saa kumi na mbili satelaiti itaona nini?

Picha za mchana zinazoonyesha hata vitu vidogo ndo zinakusaidia, ila kwa kutafuta mafungu sio kupima pato. Mabati marefu, mirundo ya mbao, vyuma vimepangwa nje, unavichora kwenye ramani na unampa @karani_wa_zamani lile kundi lake la mafungu. Takwimu za umeme pia watu wanazipenda, lakini karakana nyingi zinachangia mita moja, au zinatumia mita ya nyumba, kwahiyo itumie kuangalia msimu tu, miezi ipi kazi inapanda na ipi inashuka.

Jicho_Pevu:

Sawa nimewaelewa, kwenye mauzo nimekubali. Ila swali langu jingine ni la kweli kabisa. Mafundi wananunua mbao, vyuma, vitambaa, vijana wao wanakula kwa mama lishe, hiyo athari yote ya kusukuma wengine nayo inapotelea wapi? Mbona ripoti za viwanda vikubwa zinaiweka?

BiTakwimu:

Haipotei, inaandikwa kwenye sura yake. Kuna majedwali ya kila sekta inanunua nini kutoka sekta gani, kazi ya Wassily Leontief aliyopewa Nobel mwaka 1973, na kwa hayo unaweza kukadiria chuma kikiongezeka mahitaji inasukuma nini kingine. Lakini hiyo ni makadirio ya kitakachotokea mahitaji yakibadilika, sio pato la mafundi, na pato la muuza mbao tayari limo kwenye biashara yake. Ukiyaweka juu ya pato la karakana umerudi kulekule kwa kuhesabu mara mbili kwa mlango wa nyuma. Na majedwali mengi ni ya taifa, mji unanunua vitu vingi kutoka nje ya mji, kwahiyo ukitumia ya taifa moja kwa moja unauzidishia mji. Uliza tu kwenye dodoso malighafi umenunua wapi, ndani ya mji au nje, swali moja hilo litakupa ukweli ambao hata viwanda vikubwa hawana.

Kitu kingine ambacho hakijaguswa ni bei. Kama mwakani mtarudia utafiti, na mimi nawasihi mrudie, chuma kikipanda bei mauzo ya wachomeleaji yatapanda na mtu atasema wamekua, wakati wanaunda mageti yaleyale au machache zaidi na wanabaki na kidogo. Rekodi idadi, sio hela tu. Mageti mangapi, sare ngapi, jozi ngapi za viatu. Na thamani ya malighafi irekebishwe kwa mabadiliko ya bei za malighafi, na thamani ya bidhaa kwa mabadiliko ya bei za bidhaa, zisichanganywe. Usisubiri miaka mingi pia, hesabu za pato zikikaa muda mrefu kwenye mwaka wa msingi wa zamani, yaani mwaka ambao miaka mingine inalinganishwa nao, zinapoteza dunia nzima ya biashara mpya. Nigeria mwaka 2014 ilihamisha mwaka wa msingi kutoka 1990 kwenda 2010 na pato la 2013 likaonekana kubwa kwa karibu asilimia 89 kuliko lilivyokua likisomwa.

mtaa_wa_karakana:

Asanteni sana jamani. Basi mpango nimeubadilisha wote. Ramani ya mafungu kwanza, alafu maeneo ya sensa kwa bahati nasibu, mlango kwa mlango, faida moja kwa moja pamoja na kitu cha mwisho kilichotengenezwa, makundi ya wafanyakazi kwa ajili ya kukagua. Na kwenye ripoti nitaweka namba kwa wigo, sio namba moja.

Kimoja kinanisumbua usiku. Watakubali kweli kuongea? Nikigonga mlango na tableti mkononi naulizia faida si wataona ni mtu wa kodi?

karani_wa_zamani:

Wigo ndo uungwana, na ukiuonyesha kwenye kikao ueleze umetoka wapi, sampuli ina ukubwa gani na ni wangapi walikataa. Waliokataa wahesabuni pia, muandike ni wa kazi gani na karakana inaonekana ina watu wangapi kwa kuangalia tu, maana wakiwa wengi ni wakubwa basi pato lenu liko chini na inabidi urekebishe uzito ndani ya kundi lile.

Kuhusu hofu, jina la mtu likae mbali na majibu kabisa, namba ya dodoso tu, na umwambie hivyo kabla hajaulizwa kitu na umwonyeshe kwenye skrini kwamba hamna sehemu ya jina. Umoja wao utume kiongozi wa mtaa husika siku moja kabla akawaeleze, ila asiwepo wakati wa mahojiano, hamna fundi atakaetaja faida yake mbele ya mwenzake.

randa_na_msasa:

Ongeza na hii, msianze na hela. Anza na kazi. Niulize hiki ni mbao gani, hii mashine umeitoa wapi, kazi ulijifunzia kwa nani, nitaongea mpaka uchoke. Tukifika kwenye hela nimeshakuona ni mtu unaeijua kazi yangu. Na msije jumamosi, jumamosi wateja ndo wanakuja kuchukua vitu vyao, hata ndugu yangu wa damu siku hiyo simjibu vizuri. Jumatatu jioni jioni ndo nzuri, mbao za wiki zimeshanunuliwa na risiti bado ziko mfukoni.

Alafu mkimaliza leteni matokeo kwetu kwanza kabla ya kikao, tukae tuyasome pamoja, maana kama mmeandika wachomeleaji wa mtaa wetu wanatoa mageti mawili kwa mwezi sisi ndo tutakaowaambia hapo kuna mtu hakuelewa swali.